EliteBook mbili, prosesa mbili: uzoefu wangu na Intel na AMD

Ukiulizia laptopu yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD, mshindani wa Intel, kwenye maduka ya mitumba ya Kariakoo, mara nyingi muuzaji atakurudisha kwenye Intel kabla hujamaliza kuuliza. "Bosi, hiyo inachemka, chukua Intel." Matokeo yake laptopu za AMD zinakaa dukani, na zikikaa bei inalegea. Mimi ndipo nilipoingilia hapo.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, sendofu na ubarikio. Mke wangu ni mhasibu, na sehemu ya kazi anaifanyia nyumbani. Tulihitaji laptopu mbili za kazi, zisizo na mbwembwe. Tukachukua HP EliteBook 840 G7 na 845 G7, zote za mtumba, zote toleo la 2020. Zilaze mezani zikiwa zimefungwa, huwezi kujua ipi ni ipi: mwili mmoja, kioo cha inchi 14, nafasi mbili za RAM ndani. Zinapoachana ni kwenye prosesa. Ya 840 ni Intel Core i5-10310U yenye kori 4 (vitengo vinavyofanya kazi ndani ya prosesa) na thredi 8 (foleni za kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja). Ya 845 ni AMD Ryzen 5 PRO 4650U, kori 6 na thredi 12. Ni nadra kupata mashine mbili zinazofanana hivi. Kwa kawaida mtu analinganisha laptopu ya bei kubwa ya Intel na ya bei chee ya AMD, halafu lawama zote anaitupia prosesa, wakati kilichomkwaza ni diski au kioo.

Zote niliziwekea RAM sawa, GB 16 kwa vipande viwili vya 8, na diski za SSD za ukubwa mmoja. Nikazifungua, nikapuliza vumbi, nikabadilisha pasta ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoozeo. Hatua hiyo msiiruke. Laptopu iliyotumika ofisini Ulaya miaka minne inakuja na pasta iliyokauka kama udongo, na joto lake halina uhusiano na jina lililo kwenye stika.

Kwa kazi za mke wangu, yaani Excel, kurasa za intaneti zilizofunguliwa mpaka huoni majina yake, vikao vya Zoom, sikuona tofauti ya kugombania. Tofauti nimeiona kazi zikipandana: video inatoka, mafaili yanahamia kwenye diski ya nje, na mteja amenitumia picha za kupunguza ukubwa sasa hivi. Hapo ile 845 inamaliza mapema na bado inanipa nafasi ya kufanya kitu kingine. Sababu inajulikana. Familia ile ya i5-10310U, ya kizazi cha 10, ilikuwa bado inatengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14 (namba ikiwa ndogo, vipande vingi zaidi vinaenea), ambayo Intel ilikuwa nayo tangu kizazi cha 5, ilhali AMD ilishahamia nanomita 7 za kiwanda cha TSMC cha Taiwan. Wati ni 15 kwa zote mbili, ila AMD wamepata pa kupachika kori 2 zaidi. Grafiki za ndani nazo (sehemu ya prosesa inayochora picha kwenye kioo), Vega 6 ya AMD dhidi ya UHD ya Intel, AMD inaongoza waziwazi.

Betri sitailinganisha. Betri za mtumba kila moja ina historia yake, na atakayekuambia ameipima kwa haki kwenye laptopu mbili za mtumba anakuuzia kitu.

Na kuchemka je? Nikizipa kazi nzito mchana wa Dar, bila kiyoyozi, zote zinapata joto na feni zote zinasikika. Hakuna iliyonifanya niondoe mkono. Ila wauzaji hawakuokota neno lao hewani. Kabla ya Ryzen kutoka, Machi 2017, AMD ilijaza laptopu za bei ya chini kwa prosesa za E1, A4 na A6 zilizokuwa taratibu kwelikweli, na kwenye kompyuta za mezani ilikuwa na FX-9590 ya mwaka 2013 yenye wati 220. Aliyeumia enzi hizo alihadithia, na hadithi haijasahihishwa mpaka leo. Mnunuzi wa sasa anafaidika kwa kupunguziwa bei, kwa hiyo silalamiki sana.

Kuna mahali 840 inashinda bila ubishi: ina Thunderbolt 3, tundu la waya lenye kasi kubwa, na 845 haina. Kama unatumia diski za nje za kasi au doki yenye vioo viwili na vitu vingine kwa waya mmoja, hilo ni jambo. Halafu kuna kichekesho: nilipoifungua 845 yangu nikakuta kadi ya Wi-Fi ni ya Intel.

Video sasa, maana hapa nitaitetea Intel mbele ya mashabiki wa AMD. Kamera nyingi za siku hizi zinarekodi HEVC, mfumo wa kubana video, ya biti 10 kwa mpangilio wa 4:2:2, ambao unatunza rangi nyingi kuliko faili la kawaida. Ni mzuri ukitaka kurekebisha ngozi ya bibi harusi chini ya taa za zambarau za ukumbini. Tatizo ni kulifungua faili hilo. Grafiki za ndani za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina kipande maalumu cha kulisoma. Vega za AMD hazina, na hata kadi za grafiki za Nvidia hazikuwa nacho mpaka RTX 50 ilipotoka mwaka 2025. Kwa hiyo kompyuta ya mezani ninayohaririia ni Core i5-12400, na niliisaka makusudi ile isiyo na herufi F mwishoni, kwa sababu F maana yake grafiki za ndani zimezimwa. Mstari wa video unateleza nikivuta mbele na nyuma, sina haja ya kutengeneza nakala nyepesi za kila faili kabla ya kuanza. Prosesa ya AMD yenye kori nyingi kuliko hiyo ingenipita kwenye mambo mengine, lakini mimi siku nzima nakata video, na hilo ndilo ninalolilipia. Ile 840 ya mke wangu haiwezi kazi hii, nayo ni Intel. Kizazi cha 10.

Hapo ndipo majina yanapowaponza watu. Stika ya "Core i7" inauza laptopu kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi inauza hewa. Core i7-7500U ya mwaka 2016 ina kori 2. Core i5-8250U ya mwaka uliofuata ina kori 4, na inaipita kirahisi. Zaidi ya hapo Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha vighairi vichache, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 6 au 7, hata iwe inang'aa vipi, mimi siigusi.

AMD nao si malaika. Ryzen 5 7520U inasomeka kama prosesa mpya ya familia ya 7000, kumbe ndani ni Zen 2, usanifu wa mwaka 2019, kori 4. Ryzen 5 7530U, jirani yake kwa jina, ni Zen 3 yenye kori 6. Siri iko kwenye tarakimu ya tatu: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4. Nani anakwenda dukani na ufunguo wa kusoma tarakimu? Intel nao mwishoni mwa 2023 waliondoa ile herufi i, wakaleta Core Ultra, na pembeni wakaweka Core 7 150U, ambayo si Ultra na ndani ni familia ile ile ya Raptor Lake, ya kizazi cha 13. Ukiwa dukani washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya CPU, usome jina kamili na idadi ya kori. Muuzaji akinuna, anune.

Kori zenyewe siku hizi hazihesabiwi kienyeji. Core i5-1235U inaandikwa kori 10, lakini ni mafundi wawili na vibarua wanane: kori 2 za nguvu, 8 za kubana umeme. Kwa kazi za ofisi mpangilio huo ni mzuri. Ila usiisome "10" ukadhani umeipiga bao Ryzen ya kori 8.

Laptopu zenye Celeron N4020, prosesa ya Intel ya kori 2 na thredi 2, nazitaja kwa sababu wazazi wengi wanawapelekea watoto chuoni zikiwa mpya ndani ya boksi. EliteBook ya kizazi cha 8 ya mtumba itamfaa zaidi mtoto huyo.

Kompyuta ya mezani ya bei nafuu. Dada yangu ana steshenari, na nilimshauri asijenge kitu kipya. Kompyuta za ofisini zenye Core i5-8500, kori 6, zinafika kwa wingi, zinakubali Windows 11, na kwa kuchapa, kuskani na kujaza fomu za ajira mtandaoni zinatosha na kubaki. AMD ya aina hiyo kwenye mitumba huipati kirahisi. Intel inashinda kwa kuwepo tu, na kuwepo nako ni sifa.

Hali inabadilika kama unataka kujenga mwenyewe na huna hela ya kadi ya grafiki. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, kori 6 na grafiki za Vega 7 ndani, inacheza eFootball na Valorant vizuri, na GTA V ukishusha mipangilio. Lakini weka RAM vipande viwili. Grafiki hizi zinakula RAM ya kompyuta, na kipande kimoja kinaziminya vibaya. Watu wananunua kipande kimoja cha 16 kisha wanasema prosesa mbovu. Jingine: 5600G inaishia PCIe 3.0 (PCIe ni barabara ya data kati ya prosesa na kadi, na 4.0 ina kasi zaidi), na kadi ndogo kama RX 6500 XT inatumia njia 4 tu, kwa hiyo ukizifunga pamoja kadi inapoteza sehemu ya nguvu yake. Mwenye mpango wa kadi achukue Ryzen 5 5600 isiyo na G, yenye PCIe 4.0 na kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 badala ya 16. Akumbuke tu kwamba hiyo, kama i3-12100F ya Intel, haina grafiki za ndani. Bila kadi, kioo ni cheusi.

Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, gemu ni Intel." Nikamwuliza PlayStation 5 anayoichezea kwa rafiki yake ina prosesa gani. Ni AMD, kama PS4 na Xbox za siku hizi. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuuliza bei.

Kwa bajeti yake, ushindani wa kweli ulikuwa i3-12100F na Ryzen 5 5600. Ile i3 ina kori 4 zenye kasi, na kwa gemu nyingi inatosha kabisa ukiipa kadi ya wastani. Nilimwelekeza kwenye 5600 kwa sababu ya soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye madabodi. Soketi ya AMD ya AM4 imebeba Ryzen kuanzia 2017 mpaka familia ya 5000, kwa hiyo kwenye madabodi yake ya B450, toleo la 2018, tulisasisha BIOS, programu ya kuwashia madabodi, na 5600 ikakaa. Siku akipata hela, madabodi hiyo hiyo inapokea 5700X3D au 5800X3D. Ya mwisho ilitoka Aprili 2022 ikiwa na kashe ya MB 96, sehemu kubwa ikiwa imerundikwa juu ya prosesa, na gemu zinaipenda kashe kuliko megahezi za kwenye tangazo. Soketi ya LGA1700 ya Intel, inayokaa ile i3, ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14 tu.

Hizo za 13 na 14 nazo, za mezani, za daraja la juu, ukiziona kwenye mtumba uliza maswali. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kuwa volti zilikuwa zinapanda kupita kiasi na kuzichosha prosesa, wakatoa marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa (0x129) mwezi Agosti na kuongeza udhamini kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Na i9-14900K inaweza kuvuta wati 253. LUKU ya nyumbani kwangu isingevumilia.

Mkifungua wenyewe: prosesa za AM4 zina pini chini yake, na pasta iliyokauka huigandisha prosesa kwenye hitisinki, kile chuma cha kupozea. Iwashe kompyuta ipate joto, izime, kisha zungusha hitisinki taratibu kabla ya kuinyanyua, la sivyo inang'oka na prosesa yake. Kwa Intel pini ziko kwenye soketi, kwa hiyo madabodi ya mtumba imulike kwa tochi ya simu kabla hujalipa.