Ekzosi Safi, Mdomo Mchafu

"Mwenye gari yuko wapi?"

Nimesimama hapo mapokezi ya kampuni ya ekzosi na funguo mkononi, jua la Kisumu la saa nane limenikausha koo, naulizwa hivyo. Nikamwambia ni mimi. Kijana akachungulia nyuma yangu, utadhani kuna mwanamume nimemficha.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Pikapu yangu ya dizeli hubeba viazi kutoka Molo hadi soko la Kibuye. Ilikuwa ikishika mlima wa Londiani inatema moshi mweusi hadi matatu za nyuma zinanipigia honi. Aliyeniuzia alikuwa amekata katalitiki, kile kifaa cha ekzosi cha kusafisha moshi, akachomelea bomba tupu. Biashara hiyo mnaijua, ndani mna platinamu na wanunuzi hawakosi. Kwa hiyo niliposikia kuna kampuni huku kwetu magharibi inayounda ekzosi za kupunguza moshi, sikungoja kusukumwa.

Wakanifungia chujio la masizi. Kazi yenyewe, haki ya Mungu, ilikuwa safi. Baada ya safari ya kwanza nilipitisha kidole kwenye mdomo wa bomba kikatoka na kijivu kidogo tu. Zamani kilikuwa kikitoka cheusi kama kitako cha sufuria. Ningeishia hapo ningewasifu hadi kesho.

Majuma kadhaa baadaye kitaa chekundu walichofunga karibu na usukani kikawaka, pikapu ikaisha nguvu, ikawa inatambaa pale Kondele kama imebeba jiwe la Kit Mikayi. Ndipo nikarudi, ndipo nikakutana na huyo kijana.

"Mama, mpigie mzee aje tumweleze, haya ni mambo ya kiufundi."

Mzee yupi? Mume wangu yuko Mombasa na boneti hajui inafunguliwa wapi! Halafu akaongeza kwamba lazima naweka dizeli mbaya. Nikamwambia tangu 2015 dizeli ya Kenya haitakiwi kupita sehemu 50 za salfa kwa milioni, na risiti za petroli stesheni ninazo zote. Akainamia simu yake.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima, alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Akajitokeza, akajifuta mikono, akaniuliza mwezi huo nimekuwa nikienda wapi. Viazi vilikuwa vimeadimika, nikamwambia ni Kibuye, Nyalenda, Kondele, basi. Akacheka taratibu. Masizi yale yanataka moto wa nyuzi 600 hivi ndiyo yaungue, na kwa safari za kusimama-simama mjini bomba halichemki, chujio linaziba. "Dada, ipeleke Kericho leo, kaza mwendo mlimani usiogope." Nikaenda. Kabla ya kufika Kapsoit kitaa kikazima, gari likachangamka kama limeamshwa.

Kwa hiyo kosa ni langu? Nusu, labda. Lakini siku ya kufunga hakuna aliyenifundisha hayo. Pengine walikuwa wanamsubiri mwenye gari.

Chujio lenyewe ni zuri, na mwenye gari linalotema moshi ningemwambia aende, amtafute yule fundi wa chini ya lori. Nilikuwa nimewapa nyota nne. Kisha jioni nikatoa ile risiti yao nione siku za dhamana, nikakuta mbele ya jina langu wameandika "Bw."

Nimeshusha hadi mbili.