Nililipa 5,500 nitengenezewe pasi ya mwanafunzi ambayo ni ya bure, na mama yangu akaishia kuokota barua sakafuni

Naandika hii nikiwa bado na hasira na sioni ikiisha leo. Kama uko Kisumu na umepata nafasi ya kusoma Uganda, na kuna jamaa wa saiba anakuambia atakutengenezea pasi ya mwanafunzi, yaani kibali cha kukaa kule ukisoma, halafu ukifika boda, pale mpakani, unagongewa muhuri tu unapita, usimpe pesa. Usimpe hata mia. Mimi nilimpa 5,500 na hiyo pesa haikuwa yangu, ilikuwa ya mama, na mama anauza omena pale soko la Kibuye, anaamka saa kumi usiku, kwa hivyo mtu asiniambie ni pesa kidogo.

Jamaa mwenyewe ana kibanda mjini, sitataja wapi. Alinigawia ile bei vizuri kabisa, 3,500 "ya serikali ya Uganda" na 2,000 ya kazi yake. Nikamwuliza kama si afadhali niombe mwenyewe, akasema dada yangu ule mtandao wao unasumbua, na hata hivyo hii pasi inakamilishiwa boda, wewe beba barua ya shule na hii karatasi yangu, wanapiga muhuri hapo hapo. Akaniprintia karatasi moja ina barkodi na jina langu, akailamineti. Mama akaishika kwa mikono miwili akaitazama sana, akaiweka kwa mfuko wake si wangu, ati mimi nitaipoteza.

Siku ya kwenda mama akasema atanisindikiza hadi boda. Shule ilikuwa inafungua wiki hiyo, nafikiri ilikuwa Agosti, ama ni mwanzo wa Septemba. Tukapanda matatu asubuhi, tukapita Maseno pale kwa kibao cha ikweta, safari haikuwa na shida. Sitasema ni boda gani nilitumia kwa sababu sitaki kumchomea mtu kazi. Wale mnaopita Busia ama Malaba mnajua siku hizi unasimama mara moja tu, ukienda Uganda unashughulikiwa upande wa Uganda, afisa wa Kenya na wa Uganda wako ndani ya jumba moja. Mama hakuwa anasafiri, lakini watu wa pale wanavuka kwenda sokoni na kurudi siku nzima, naye akaingia tu pamoja na mimi.

Kwa dirisha la Kenya sina lalamiko. Msichana alinigongea muhuri wa kutoka akanitakia safari njema, ilichukua dakika mbili hivi.

Nikasogea dirisha la Uganda. Nikaweka pasipoti, barua ya kujiunga na ile karatasi. Yule afisa hakugusa pasipoti, alichukua ile karatasi akaigeuza, akaigonga gonga na kalamu, akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni pasi yangu ya mwanafunzi, nimeambiwa mnanikamilishia hapa. Akapaza sauti, na nyuma yangu laini imejaa, kuna watu wa basi nzima, "Nani amekupa takataka hii? Nyinyi mnanunua makaratasi huko mtaani mnatuletea hapa?" Nikajaribu kumwonyesha barua ya shule, akasema sitaki barua, toka kwa laini. Mimi nikabaki nimesimama, sijui niende wapi.

Ndio mama akasogea. Aliongea kwa upole kabisa, akasema, "Afisa, huyu ni mtoto wangu, anaenda shule, tafadhali tuelezee."

Akamwambia, "Wewe mwanamke, nani amekuuliza?"

Mama yangu ana miaka sitini na kitu. Mimi sijawahi kusikia mtu akimwita hivyo, hata kule sokoni kwenye watu wanagombana juu ya gorogoro. Hata askari wa kanjo wakija kufukuza wauzaji wanamwita mama. Huyu ni kijana, angekuwa kifunguamimba wa mama, anamwambia wewe mwanamke. Halafu akasukuma makaratasi yangu yote kwa ile nafasi ya chini ya kioo, kwa nguvu, yakateleza yakaanguka. Sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu, ilikuwa na maji. Ile ya kulaminetiwa haikupata kitu, lakini barua ya shule ilianguka kifudifudi.

Nilikuwa nimeganda. Mama ndiye aliinama, na magoti yake ni mabaya, alishika kaunta kwanza ndio akashuka. Akaokota moja moja. Akafungua leso yake kiunoni akaikunja, akakandamiza ile barua polepole, hakusugua, alikuwa anakandamiza tu hivi na kiganja, anainua anaangalia, anakandamiza tena. Muhuri wa shule ulikuwa umeshaanza kusambaa, ule wino wa bluu, na leso ikabaki na doa la bluu. Kisha akaniambia, "Nyathina, twende nje kwanza." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo.

Sasa tuko nje tumekaa kwa ngazi. Na shida ni kwamba nimeshagongewa muhuri wa kutoka Kenya na Uganda hawajanipokea, kwa hivyo kwa karatasi mimi siko mahali popote. Nikampigia jamaa wa saiba, mteja hapatikani. Nikapiga tena. Nikapiga kama mara kumi na tano. Vijana wa pale mpakani wakaanza kuja, "dada nikuvushe, kuna njia hapa nyuma, muhuri wa nini," mia mbili tu. Nitasema ukweli, nilifikiria. Masanduku yote niko nayo, nauli ya kurudi na kuja tena hatuna. Mama akawaambia mtoto wangu hapiti njia ya panya kama gunia la magendo, na wakaondoka.

Tulikaa pale labda saa nzima na nusu. Nikawa nimeamua nitaandika kwamba ile boda haifai kabisa, watu wapitie kwingine. Lakini siwezi kuandika hivyo, na nitasema kwa nini.

Kuna afisa mwingine, mzee kidogo, alikuwa anatoka na chupa ya chai. Akampita mama, akasimama, akarudi. "Nyabo, mnangoja nani?" Nyabo ni heshima kwao, ni kama kusema mama. Mama akamwelezea, mimi sauti ilikuwa imekataa. Akachukua ile karatasi akaisoma yote hadi chini, sio kuigonga na kalamu. Akasema hii si pasi, hii ni ukurasa wa maombi yaliyoanzwa tu, hayajatumwa, na jina hapa halifanani na pasipoti. Nikaangalia, na ni kweli. Jamaa alichukua jina kwa cheti changu cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, chenye majina mawili, pasipoti yangu ina matatu. Kwa hivyo hata angetuma ingerudi.

Halafu akatuelezea mambo kwa lugha ya kawaida, na haya ndiyo nataka kila mzazi wa huku ayasikie. Pasi ya mwanafunzi haitolewi dirishani. Pale boda mtu wa Afrika Mashariki anaingia kama mgeni wa kawaida, kwa pasipoti, na Mkenya hata kwa kitambulisho, hiyo imekubaliwa kati ya Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014. Unaonyesha na kadi ya homa ya manjano, usiisahau. Unagongewa muhuri wa kuingia. Ukifika shule ndio unaomba pasi kwa mtandao wa uhamiaji wa Uganda wewe mwenyewe, ukiweka barua ya shule, picha na pasipoti, na shule nyingi zina ofisi ya wanafunzi wa nje inayokusaidia. Na kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna malipo. Alisema hii ni haki yetu, iko kwa mkataba wa soko la pamoja ulioanza kazi 2010. Mama akamwuliza tena, hakuna malipo kabisa? Akasema nyabo, hakuna. Mama akanyamaza. Nilijua anahesabu ile 3,500 ya serikali ni debe ngapi za omena.

Yule mzee akanirudisha ndani kwa dirisha la mwisho, akaongea na mwenzake, nikaulizwa naenda shule gani, nikaonyesha kadi ya manjano, nikagongewa. Haikufika dakika tano. Kwa hivyo boda yenyewe inafanya kazi na wako watu wazuri pale, huyo mzee Mungu ambariki, nilitaka kumwachia pesa ya soda akakataa akasema nikasome.

Lakini ndio hapo hasira inarudi. Yule wa kwanza naye alijua haya yote! Ni kazi yake, anayajua kushinda mtu yeyote. Ilikuwa aseme, "Dada, hii karatasi umedanganywa, hauihitaji, nipe pasipoti nikugongee, utaomba pasi ukifika." Basi. Nilikuwa na haki ya kuingia kuanzia mwanzo. Wakenya tumesoma Uganda tangu zamani, hata Kibaki alisomea Makerere, si kitu kigeni kwao mtoto wa Kenya kuja na sanduku na barua. Sasa saa nzima na nusu mama yangu amekaa kwa ngazi na leso ina wino, kwa sababu ya nini? Kwa hivyo mtu akiniuliza kama hiyo boda ni nzuri sijui nijibu nini, inategemea unaangukia dirisha gani, na hiyo haifai kuwa bahati.

Mama alirudi Kisumu jioni hiyo. Mimi nikaomba pasi mwenyewe nikiwa hosteli, kwa simu, bando yangu mwenyewe. Majina matatu kama ya pasipoti. Ile barua haikusomeka pale kwenye muhuri, nikaenda ofisi ya shule wakanipa nyingine bila maneno mengi. Sikuitishwa hata shilingi moja, yetu ama yao. Nikangoja, ilichukua wiki kadhaa na nilikuwa na wasiwasi kila siku, halafu ikaja kwa imeli. Mtandao wenyewe unakwama kidogo wakati wa kupandisha picha, hapo jamaa hakudanganya, lakini kukwama si 5,500.

Jamaa nilimpata baadaye. Nilipiga na namba ya rafiki yangu ndio akashika. Nikamwelezea kila kitu, hata ya mama. Akaniuliza, "Sasa si uliingia? Shida iko wapi?" Nikamwambia 3,500 ya serikali ulipeleka serikali gani, nionyeshe risiti. Akasema mtandao hautoi risiti. Nikamwambia basi rudisha zote, na sio kwangu, rudisha kwa namba iliyokutumia, ni ya mama, unayo. Akakata.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapa lakini naongeza. Wiki hii mama amenipigia akaniuliza kuna mtu amemtumia elfu moja M-Pesa, anaulizia kama ni mimi. Jina ni la huyo jamaa. Kwa hivyo anajua alichofanya. Imebaki 4,500.