Ofisi ya Kusimamia Nyumba, Miezi 14 Baadaye

Nilikuwa na umri wa miaka 26 nilipopaka rangi mlango wa tano wa mizigo yangu huko Bweyogerere, mashariki mwa Kampala, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa mwenye nyumba wa watu ambao karibu wote walinizidi umri. Msomaji wa Mombasa au Dodoma asidhani nazungumzia mabegi: mizigo, hapa kwetu, ni neno la Kiganda lililozoeleka kwa vyumba vya kupanga vinavyojengwa kwa safu chini ya paa moja, na vyangu kila kimoja kina sebule ndogo na chumba cha kulala. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 nilipewa na baba alipostaafu jeshini. Ujenzi niliufanya mwenyewe kwa akiba na mkopo wa SACCO. Ninachotathmini hapa ni ofisi niliyoikabidhi kazi ya kusimamia vyumba hivyo kwa muda wa miezi 14. Sitaitaja jina, kwa sababu sehemu ya niliyo nayo ni malalamiko na wenyewe hawapo hapa kujibu.

Mwaka wa kwanza nilikusanya kodi mwenyewe. (Kwa kuwa neno kodi linabeba mambo mawili, nitasema kodi ya nyumba kwa kile anacholipa mpangaji, na kodi ya mapato kwa kile kinachodaiwa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.) Chumba cha kwanza anakaa mama tunayemwita Nalongo, kwa kuwa ana pacha, ambaye kama mimi alikulia kambini Jinja na Kiswahili chake ni kilekile cha nyumbani kwetu. Kila tarehe 5 nilibisha hodi nikiwa nimeyapanga maneno yangu tangu njiani, naye akafungua mlango, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani na kusema, "Mwanangu, hata chai hujanywa? Keti kwanza." Nami nikaketi. Chai ilikuja na muhogo wa kukaanga, zikafuata habari za nani kaoa na nani kahamishiwa kambi ya jeshi ya Bombo, na nilipoinuka kuondoka sikuwa na namna ya kumdai mtu ambaye dakika ile ile nilikuwa nikimwitikia kama mama. Mwaka ulipoisha alikuwa nyuma kwa miezi miwili. Sidhani kama alikosa fedha. Sikumbuki kama niliwahi kuzitaja waziwazi.

Ofisi ilinitumia dada mmoja mwenye daftari na kitabu cha risiti, ambaye kwa umri hanizidi zaidi ya mwaka. Tofauti ni kwamba yeye haketi. Alisimama mlangoni, akataja kiasi na tarehe, akasubiri, na baada ya ziara ya tatu Nalongo alikuwa amelipa malimbikizo yote. "Yule binti wako ni mkali," aliniambia baadaye, bila kinyongo, "lakini anaandika." Na kweli anaandika: kila shilingi ina risiti yenye nakala, na kila mpangaji ana mkataba wa maandishi, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelipuuza kwa kuona ni urasmi wa majumba makubwa, ilhali sheria ya mwaka 2022 kuhusu wenye nyumba na wapangaji inautaka mkataba wa maandishi pale thamani yake inapofika shilingi za Uganda 500,000, kiasi ambacho miezi miwili ya kodi ya chumba changu inakifikia.

Sheria hiyo hiyo inakataza kumwondoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama, na hapo ofisi ilistahili ada yake kuliko mahali pengine popote. Kijana wa chumba cha pili alikaa miezi mitatu bila kulipa, na mafundi wawili pamoja na mjomba wangu walinishauri ning'oe mlango, dawa ya kienyeji ambayo kila mtu mtaani ameiona ikitumika. Dada wa daftari alikataa katakata. Alimwandikia barua, akakutana naye mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakatia sahihi mpango wa kulipa kwa awamu nne, na ingawa awamu ya mwisho haikuja, kijana aliondoka kwa hiari na funguo akazirudisha mwenyewe. Nilipoteza kodi ya wiki tatu. Kama ningefuata ushauri wa mjomba, nadhani ningekuwa bado natafuta wakili.

Sasa nije kwenye gharama, ambako kijana anayeanza hukosea hesabu, na ambako ofisi haikunisaidia hata kidogo. Ada yao ni asilimia 10 ya kinachokusanywa. Vyumba vyangu vitano vinapangishwa kwa shilingi 250,000 kila kimoja, kwa hiyo mwaka ukijaa bila chumba kuwa wazi mapato ni shilingi 15,000,000 na ada ni 1,500,000. Kodi ya mapato ya nyumba kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kiasi kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na hakuna gharama inayopunguzwa kabla ya kukokotoa: si rangi, si fundi, si riba ya SACCO, wala si ada ya ofisi. Maana yake ni kwamba ile milioni moja na nusu ninayowapa naitolea kodi kana kwamba ilifika mfukoni mwangu. Asilimia 12 ya 12,180,000 ni 1,461,600, na ukijumlisha na ada unapata 2,961,600, pungufu kidogo tu ya kodi ya nyumba ya chumba kimoja kwa mwaka mzima. Kwa maneno mengine, kati ya vyumba vyangu vitano, kimoja kinafanya kazi ya ofisi na URA kuanzia Januari hadi Desemba, na mkopo unalipwa na vinne vilivyobaki. Karatasi yao ya matangazo inasema "asilimia 10 tu". Hiyo "tu" ningeifuta.

Mwanzoni fedha zilikuwa zinakuja kwa simu, na kila nilipozitoa nilikatwa ada ya mtandao pamoja na ushuru wa serikali wa asilimia 0.5, ambao kwa shilingi 1,125,000 ni 5,625 kila mwezi. Niliomba ziwekwe benki. Walikubali siku hiyo hiyo.

Kosa lao kubwa lilikuwa maji. Umeme haunisumbui, kwa kuwa kila chumba kina mita yake ya Yaka, ya kulipia kabla ya kutumia, na anayeishiwa giza ni lake, lakini maji ya NWSC, shirika la taifa la maji, yanapita kwenye mita moja iliyo karibu na lango, na bili yake hugawanywa kwa idadi ya watu. Ilizoeleka kuwa kama shilingi 95,000 kwa mwezi. Katika mwezi wa saba wa mkataba wetu nilipokea taarifa yenye mstari mmoja ulioandikwa "maji na mengineyo", shilingi 310,000, zilizokwisha kukatwa kwenye kodi ya nyumba kabla sijaulizwa. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba wapangaji wangu wanafua sana. Mwezi uliofuata wakawa bado wanafua sana.

Jumapili moja niliwaomba wote wafunge mabomba, nikachuchumaa langoni, nikafuta udongo kwenye kioo cha mita kwa kidole gumba na kutazama. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa kinazunguka, polepole, bila kusita, kama chungu anayezunguka ukingo wa kikombe. Nilifuata bomba hadi nyuma ya chumba cha tatu, kwenye sakafu ya kufulia, ambako Nalongo alikuwa amepanda majimbi yenye majani mapana kuliko mwavuli katikati ya kiangazi, na ardhi pembeni yake ilididimia nilipoikanyaga. Fundi alivunja saruji, akakuta kiungo kimepasuka, akakibadilisha kwa shilingi 60,000. Mtu wa ofisi alikuwa amefika kwenye ua huo kila mwezi kuchukua fedha, na njia ya kwenda mlango wa tano inapita kando ya majimbi hayo. Nilidai wachangie nusu ya hasara. Walinipa msamaha wa ada ya mwezi mmoja, yaani shilingi 125,000, baada ya barua mbili.

Chumba cha nne nacho kilikaa wazi miezi miwili kwa sababu waliamua, bila kunishauri, kukitangaza kwa 280,000. Hesabu yake ni rahisi: shilingi 500,000 zilizopotea kwa kusubiri nyongeza ya 30,000 zingehitaji karibu miezi 17 kurudi. Nilirudisha bei ya zamani na kumwambia Nalongo. Siku ya tisa shemeji yake alikuwa anaingiza kitanda.

Kwa mwenye vyumba viwili anayeishi kwenye ua huo huo, au mwenye moyo wa kudai deni huku ameshika kikombe cha chai cha mdaiwa, siishauri huduma hii, kwa kuwa asilimia 10 ni fedha nyingi kwa kazi ya asubuhi moja kila mwezi. Mimi naishi Ntinda, mtaa mwingine wa Kampala, nimeajiriwa, na moyo huo sina. Nimetia sahihi tena kwa miezi sita, lakini kwa karatasi niliyoiandika mwenyewe: ujumbe wa bili ya maji unakuja kwenye simu yangu, hakuna makato yanayozidi shilingi 50,000 bila idhini yangu, maneno "na mengineyo" hayaruhusiwi katika taarifa yoyote, na bei ya chumba kilicho wazi naipanga mimi. Niliomba pia ada ishuke hadi asilimia nane. Hilo walilikataa.