Mithali au Mhubiri: uanze na kipi?

Anayetafuta hekima ya Mungu katika Biblia mara nyingi huelekezwa Mithali, na si vibaya: sura 31, zinatosha sura moja kwa siku mwezi mzima. Ni maneno mafupi ya kuishi nayo sokoni na nyumbani, kuhusu mizani ya hadaa, ulimi, kumdhamini mtu, uvivu. Ila usiyasome kama sheria za barabarani. Sura ya 26, mstari wa 4 unakataza kumjibu mpumbavu. Wa 5 unaagiza ajibiwe! Kujua lini ufanye lipi ndiko kwenye kazi, na hapo Yakobo 1:5 inasema mtu amwombe Mungu.

Mhubiri kina sura 12 tu, na ni kichungu. Mithali 10:4 inasema mkono wa mwenye bidii hutajirisha. Mhubiri 9:11 inajibu kwamba si wenye mbio washindao. Aliyejituma miaka yote akabaki mikono mitupu atajiona humu.

Vyote viwili vinadai kumcha Mungu, Mithali mapema (1:7), Mhubiri mwishoni (12:13). Kijana ningempa Mithali kwanza. Mfiwa ningempa Mhubiri, wala nisingemharakisha.