Karatasi ipi inaibeba picha ya mikoko? Nimejaribu nne, na rangi na gundi zake

Habari zenu jamani, karibuni tena mezani kwangu. Leo feni nimeizima, maana vipande vya karatasi nilivyonavyo hapa ni vyepesi mno, upepo kidogo tu vinaishia chini ya kochi. Kwa hiyo mkiniona natoka jasho msishangae. Nina karatasi za aina nne, rangi za aina mbili, na gundi mbili. Nimezitumia miezi miwili kwa kazi moja ileile: picha ya mikoko maji yakiwa yamekupwa. Ni picha ya kupaka na kubandika, brashi mkono huu, karatasi zilizochanwa mkono huu.

Kwa nini mikoko? Wa Dar es Salaam mtanielewa. Ukipita daraja la Selander wakati maji yametoka, tazama pale mto Msimbazi unapoingia baharini. Tope linang'aa, mizizi imechomoza, na yule ndege mweupe amesimama kimya utadhani amechomekwa pale. Mimi nikipita hapo kwenye daladala naomba foleni ikaze kidogo nimalize kutazama. Tope lile, mng'ao ule, sijawahi kuupata kwa rangi peke yake. Ndiyo maana nikaingia kwenye karatasi.

Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka asipoteze bando lake: kama pesa ni ndogo, iweke kwenye karatasi. Wengi tunafanya kinyume. Tunanunua boksi la rangi 24, linapendeza kweli, halafu tunakwenda kupakia kwenye karatasi ya kuchorea ya mwanafunzi. Tazama hii hapa. Naisogeza kwenye kamera. Mnaona ilivyojikunja? Hii nilipaka maji mara mbili tu, gundi bado hata haijafika. Katikati imevimba, pembeni imenyanyuka, na rangi yote imekimbilia kwenye mabonde. Halafu hapa, nilipojaribu kufuta kwa brashi, uso wa karatasi umetoka manyoyamanyoya kama sweta kuukuu. Ikifika hapo hairudi. Picha kama tatu zimenifia hivi, na kila mara nililaumu mkono wangu.

Sasa hii ya pili. Ni karatasi nene ya rangi za maji, gramu 300. Hiyo gramu 300 inayoandikwa kwenye jalada maana yake ni uzito wa karatasi hiyo ikiwa na ukubwa wa mita moja ya mraba. Ile karatasi ya kawaida ya kuchapia ofisini ni gramu 80. Kwa hiyo hapa umeshika uzito wa karibu karatasi nne kwa mpigo, na ndiyo maana haitishiki na maji. Zipo za massa ya mbao, yaani mbao iliyosagwa ikawa uji, na zipo za pamba tupu. Ya pamba ni kitu kingine kabisa, sisemi uongo. Ile ya Arches, kwa mfano, inatoka kwenye kinu cha Ufaransa kilichoanza mwaka 1492, na ukiipaka unaona rangi inazama taratibu halafu inatulia. Nililetewa jani moja na ndugu yangu, nikalikata vipande vidogo kama mtu anayegawa dawa. Lakini kwa kazi ya kubandika, hapana, siwashauri. Utafunika nusu ya uso wake kwa karatasi nyingine na gundi. Ni kama kutandika zulia la thamani halafu ukaliwekea mkeka juu. Chukua ya massa ya mbao, gramu 300, uibane kwa tepu ya karatasi pande zote nne juu ya ubao wa hadibodi, na usiibandue mpaka picha ikauke kabisa. Hii ndiyo kitanda cha picha yangu.

Ya tatu ndiyo niliyoingojea niwaonyeshe. Karatasi ya mgomba. Subiri niinyanyue kwenye taa... Mnaona hizo nyuzi? Hizo za dhahabu dhahabu zinazopishana? Mgomba, kama mjuavyo, shina likishazaa mkungu wake limemaliza kazi, linakatwa. Basi shina lile linakatwakatwa, linachemshwa na magadi mpaka lilainike, linaoshwa, linapondwa, halafu uji wake unamwagwa kwenye beseni la maji na kuchotwa kwa fremu yenye wavu. Maji yanachuruzika, nyuzi zinabaki zimeshikana, unakamua, unaanika. Mimi yangu nimenunua kwa mtu anayetengeneza kwa mkono, na hakuna jani lililofanana na jingine. Hapa pana nyuzi nene, hapa pamekuwa pembamba hadi unaona kidole changu upande wa pili.

Uzuri wake nimeshausema. Kasoro yake ni hii: inakunywa maji kama mchanga. Karatasi za kiwandani huwekewa kitu cha kuzuia maji yasizame ovyo. Hii haina, kwa hiyo ukigusa na brashi yenye rangi ya maji, doa linatambaa pande zote na mstari wako unapotea. Mara ya kwanza nilichora jani la mkoko, likageuka wingu. Dawa niliyoipata ni rahisi: napaka kwanza uji mwepesi wa wanga wa muhogo, mwepesi kabisa, karibu na maji, naacha ikauke usiku mzima, ndipo napaka rangi. Inashika vizuri. Lakini bado siitumii kama kitanda. Naitumia juu, ichanwe vipande, nyuzi zake zionekane. Ile sehemu ya tope iliyokaukia na kupasuka, pale mbali karibu na miti, ni karatasi ya mgomba na rangi ya kahawia iliyofifishwa. Sikuchora ufa hata mmoja. Nyuzi zenyewe zimechora.

Ya nne mnayo nyumbani, wala msiende dukani. Kaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, hii mifuko ya kaki imejaa kila jiko. Sasa nifuatilieni vidole. Nachana huku... imechanika ndefu, imenyooka, kama utepe. Nageuza karatasi, nachana upande huu mwingine... mnaona? Imekwenda mshazari, imepindapinda, imeacha kingo zenye manyoya. Ni karatasi ileile! Karatasi ya mashine nyuzi zake zimelala kwa wingi upande mmoja, ule ambao karatasi ilikuwa inapita mashineni. Ukichana kufuata nyuzi inanyooka, ukizikata inakataa. Basi mimi tepe zile zilizonyooka ndizo mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, ile inayochomoza kwenye tope kama penseli zilizochomekwa. Zile zilizopinda ndizo kingo za tope pale maji yanapokwisha. Miguu ya mkoko wenyewe, ile inayojipinda na kusimama kama buibui, hiyo naloweka kaki kidogo, naisokota kati ya vidole kama utambi, naibandika ikiwa bado na unyevu ikubali kukunjwa.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nachana, mkasi si upo. Mkasi una watu wake. Kuna bibi mmoja wa Uingereza, Mary Delany, alianza mwaka 1772 akiwa na miaka 72 kukata karatasi za rangi na kuzibandika juu ya karatasi nyeusi, petali kwa petali, mpaka ua zima linasimama. Alifikisha karibu 1,000 kabla macho hayajamshinda, na kazi hizo ziko British Museum hadi leo. Kwa ua, makali ya mkasi yanasema kweli. Tope halina ukingo uliokatwa. Mimi nachana.

Haya, rangi. Hapa ndipo nilipolia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Picha yangu ya kwanza ya mikoko nilipaka chini yote kwa rangi za maji. Anga la saa kumi na moja jioni, maji ya kijivu, limenyooka vizuri sana. Nikaweka gundi nyuma ya kipande cha kaki, nikakibandika, nikakandamiza kwa kitambaa. Nilipoinua kitambaa, anga lilikuwa limehamia kwenye kitambaa. Rangi za maji zinashikwa na gundi ya mti, gamu ya mgunga, na gamu hiyo hata ikikauka mwaka mzima ikiguswa na maji inaamka tena. Gundi yangu ilikuwa na maji. Nilikaa nikaitazama, nikaenda kulala bila kuosha brashi.

Akriliki haiko hivyo. Yenyewe inashikwa na kitu cha jamii ya plastiki: ikishakauka imekauka, unaweza kuibandikia, kuilowesha, kuipaka tena juu, haiamki. Kwa hiyo mpangilio wangu sasa ni akriliki chini, karatasi katikati, rangi za maji mwisho kabisa, kwenye vile vipande ambavyo havitaguswa tena na gundi. Shida ya akriliki kwetu ni joto. Unakamua tone kwenye sahani, unageuka kujibu simu, ukirudi limeshaota ngozi. Weka kitambaa kilicholoweshwa chini, juu yake karatasi ya kuokea, ndipo ukamue rangi hapo. Mimi inanifikisha mchana mzima. Na brashi usiiache nje ya kopo hata dakika tano.

Jambo moja kuhusu kununua, liwe boksi la bei yoyote: geuza tyubu usome herufi ndogo. Rangi inayojiheshimu inaandika namba ya unga wake. PBr7 ni kahawia ya udongo, PB29 ni ile bluu nzito. Kama tyubu inasema tu kahawia na hakuna kingine, hujui umenunua nini. Nilipaka ukanda wa kila rangi, nikafunika nusu kwa kadibodi, nikauegemeza dirishani wiki sita, dirisha linalopigwa na jua la mchana. Huu hapa. Kahawia ya udongo, pande zote mbili sawa, huwezi kuona mpaka. Bluu sawa. Hii ya waridi kutoka boksi la bei rahisi... nimefunua kadibodi, mnaona wenyewe. Upande wa jua umebaki kama maji ya kuoshea mikono. Nilikuwa nimeitumia kwenye anga la picha ya zawadi, na imenibidi nimwambie mwenyewe.

Ujanja wa mng'ao wa tope nimeupata kwenye majani ya mchu. Ukilitazama jani la mchu kwa karibu utaona vijichembe vyeupe. Ni chumvi, mti wenyewe unaitoa kupitia kwenye jani. Ukilamba utaisikia. Basi nami nikarudisha chumvi kwenye picha. Pakaa rangi ya maji, ikiwa bado inang'aa lakini haitiririki, nyunyiza chembe chache za chumvi ya mawe. Kila chembe inavuta maji kuizunguka na kuacha kinyota cheupe. Ikikauka, ifute yote kwa brashi kavu, chembe hata moja isibaki, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi itaendelea kuuvuta ndani ya picha.

Gundi sitakaa sana. Gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi seremala, ongeza maji kidogo, inakauka bila kuonekana na inabaki na ulaini, haivunjiki. Hiyo inatosha kwa karibu kila kitu. Uji wa ngano ni mtamu kwa karatasi ya mgomba, kwa sababu hauachi mng'ao wa plastiki, ila mende nao wanaupenda, na ukiuweka siku tatu unaota ukungu. Pika kidogo, tone mbili za mafuta ya karafuu, tumia siku hiyohiyo. Chumba kizima kitanukia kama Pemba.

Mtu ataniambia haya yote ya nini, si upake tu kwenye ubao. Ubao nao ni mzuri. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka wanyama na ndege hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia hadibodi na rangi za mafuta zilizokuwa madukani. Alichukua kilichokuwa karibu naye. Kaki ndiyo iliyo karibu nami, na mgomba.

Sasa tumalizie picha, maana gundi imeshika. Nafasi hii tupu mnayoiona nimeiacha makusudi. Nimechukua kipande cha mwisho cha ile karatasi ya pamba, chenye rangi ya kijivu juu, nikakichana kuelekea kwangu. Angalieni ukingo: rangi imebaki juu, na chini pametokea ukanda mweupe wenye manyoya, ndani kabisa ya karatasi. Huo mweupe ndio kifua cha ndege. Shingo ni kipande kingine, chembamba, nimekikunja hivi. Gundi kidogo, ncha ya brashi tu... Naweka hapa, kwenye ukingo wa maji, mguu mmoja. Nabonyeza kwa kidole, sitaki kitambaa safari hii. Ngoja nihesabu hadi thelathini kabla sijaondoa.

Haya. Amesimama.