Simu tatu kwenye droo: kutoka Yolo ya Intel hadi Linux mfukoni

Droo ya meza yangu ina simu tatu. Mke wangu ameshaniambia mara kadhaa niziuze au nizitupe, nami kila mara najibu kwamba bado nazifanyia kazi. Kusema kweli ninayoifanyia kazi ni moja, hizo mbili ni ushahidi.

Ya kwanza ni Yolo. Waliokuwa Nairobi Januari 2013 wataikumbuka: Safaricom na Intel waliizindua kwa bei ya shilingi 10,999, ikija na bando la MB 500 za bure, na ikawa simu janja ya kwanza ya Intel kuuzwa Afrika. Kioo cha inchi 3.5, kamera ya megapikseli 5, prosesa ya Atom Z2420 ya gigahezi 1.2. Niliinunua kwa sababu ya kile kibandiko cha Intel tu. Kompyuta niliyokuwa nikitumia kazini ilikuwa nacho, nikajiona nimepata kompyuta ya kutia mfukoni.

Na kwa bei ile, ilijitahidi. Kurasa za wavuti zilifunguka haraka kuliko kwenye simu za rika lake nilizozishika, na haikuwa nzito kubadilisha programu ingawa prosesa ilikuwa na kiini kimoja tu. Kitu ambacho wengi hatukukijua ni kilichokuwa kikiendelea chini kwa chini. Programu nyingi za Android wakati ule ziliandikwa kwa Java, kwa hiyo hazikujali zimekaa juu ya prosesa gani. Lakini michezo, na programu zozote zenye sehemu zilizoandikwa kwa C, zilikuwa zimetengenezwa kwa lugha ya ARM, aina ya prosesa iliyomo kwenye simu nyingi. Intel ikaweka mkalimani ndani ya simu zake, akiitwa Houdini, wa kugeuza amri za ARM kuwa za x86, lugha ya prosesa za Intel, papo hapo. Mazungumzo mafupi husikii tofauti. Mdahalo mrefu, mkalimani anaanza kutoka jasho na simu inapata joto.

Hapo kijiweni tulibishana sana: ARM au x86? Kulikuwa na jamaa aliyeapa kwamba ndani ya miaka mitano simu zote zitakuwa Intel. Mwaka 2015 ASUS walipotoa ZenFone 2 ya Intel yenye RAM ya GB 4, alituzunguka na picha yake kama aliyeshinda bahati nasibu. Aprili 2016 Intel ikafuta chipu zake za simu, SoFIA na Broxton, na ubishi ukaishia hapo. MIPS nayo, aina ya tatu ya prosesa, kama kuna anayeikumbuka kwenye tableti za bei ya chini, ilikuwa imeshafifia kimyakimya.

Miaka ile yote hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza chipu ya michoro ni ya nani, na hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kwenye laptopu zake nyingi, Intel hutumia chipu yake ya michoro, na draiva zake, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuzungumza na chipu, ni huria: msimbo uko wazi, umo ndani ya Linux, mfumo endeshi huria, na mashine ya miaka kumi na mitano bado inakubali mfumo wa leo. Kwenye Yolo kulikuwa na PowerVR SGX540, iliyobuniwa na Imagination ya Uingereza, na draiva yake ilikuwa imefungwa. Kibandiko ni kile kile, lakini laptopu inazeeka polepole na simu inakufa mapema. Imagination wenyewe walikuja kutoa draiva huria mwaka 2022, lakini kwa vizazi vya baadaye. SGX ikaachwa nje.

Simu ya pili sitaitaja chapa. Niliinunua mpya mwishoni mwa 2016, viini vinane vya ARM, maana nilikuwa nimejifunza: safari hii nachagua upande ulioshinda. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na sasisho lolote tena. Nikasema si neno, nitaiflashi mwenyewe, yaani niiwekee mfumo mwingine. Mtu mmoja mtandaoni alikuwa ametengeneza Android mpya zaidi kwa modeli ile, nikakesha nayo usiku mzima. Iliwaka. Lakini picha zilichorwa na prosesa kuu badala ya chipu ya michoro, kwa hiyo kusogeza orodha ya majina kulikuwa kama kuvuta mkokoteni kwenye matope. Kamera ilikuwa nyeusi tititi.

Sababu yake ni hii. Mtengenezaji wa chipu huchukua toleo moja la kerneli ya Linux, ule moyo wa mfumo ambao Android nayo imejengwa juu yake, huliwekea viraka vyake, kisha huandika draiva zilizofungwa zinazoafikiana na toleo hilo peke yake. Mtengenezaji wa simu hupokea furushi zima na kuliuza. Android ikisonga mbele na kudai kerneli mpya, zile draiva hazisongi, na aliye na msimbo wake yuko kwenye chipu ya mwakani. Simu haijaharibika popote, betri nzima, kioo kizima, ila imefungwa kwenye mwaka iliyozaliwa. Kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, ambayo inamtaka anayeisambaza atoe na msimbo wa kile alichobadilisha. Niliandika barua pepe mbili kuuomba. Ya kwanza ilijibiwa na mashine, ya pili haikujibiwa kabisa.

Ndipo nikaanza kununua simu kwa kichwa chini miguu juu: kwanza natafuta draiva, halafu ndiyo natafuta simu.

Utafutaji ule ulinipeleka kwa Freedreno, kazi aliyoianza Rob Clark mwaka 2012 ya kuandika draiva huria ya chipu za Adreno, zile zilizomo ndani ya Snapdragon, chipu za simu za Qualcomm. Aliianza bila vitabu vya mtengenezaji: unaitazama draiva iliyofungwa inaituma nini kwenye chipu, unakisia maana yake, unajaribu, unakosea, unarudia. Wengine walifanya vivyo hivyo kwa chipu za michoro za Mali, zinazobuniwa na ARM, na mwaka 2019 draiva zake mbili, Lima na Panfrost, zikaingia kwenye kerneli 5.2. Upande wa mifumo nikakutana na postmarketOS, ulioanza 2017 juu ya Alpine Linux kwa lengo la kuipa simu umri wa miaka kumi. Snapdragon 845 ya mwaka 2018 ni kati ya chipu wanazozihudumia vizuri, kwenye simu kama OnePlus 6 na Poco F1. Nikashuka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya simu hapa Nairobi, nikapata moja ya familia hiyo, mtumba, kioo kina mchubuko pembeni. Nililipa karibu bei ile ile ya Yolo.

Kuiweka hakukuchukua hata saa moja baada ya kufungua kufuli ya kuwashia, ile mafundi wanaiita butiloda. Nimeitumia sasa zaidi ya mwaka. Michoro ni laini kabisa, na michezo ya Linux ya kompyuta inachezeka humo. Waifai haijanisumbua. Kila sasisho linapokuja linaleta kerneli mpya, na hilo kwa mtu aliyetoka kwenye simu ya pili ni raha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nikiiunganisha na kibodi na runinga, ninaandikia humo ripoti za kazi, hata hii naiandikia humo.

Sasa mabaya, maana yapo. Kamera kwa toleo nililoweka ni ya kujifariji tu. Kitambua alama ya kidole sikigusi. Ikilala usiku inaamka imekunywa chaji kuliko ilivyokuwa ikinywa chini ya Android. Programu ya benki sahau, na laini yangu ya M-Pesa inakaa kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, nayo haina shida na mtu. Kwa hiyo usimnunulie mama simu ya namna hii.

Na uhuru wenyewe si kamili. Modemu na waifai bado zinabeba programu zao zilizofungwa na kutiwa saini na mtengenezaji. Tofauti ni kwamba hizo zinakimbia ndani ya vijiprosesa vyake vyenyewe, na draiva inayozungumza nazo ni huria, kwa hiyo haziifungi kerneli kwenye mwaka mmoja. Ninaivumilia hali hiyo. Wapo wasioivumilia, na siwalaumu.

Yule jamaa wa kijiweni siku hizi amehamia RISC-V, aina nyingine ya prosesa. Ananiambia amri zake ni huria, hakuna anayelipia leseni, kwa hiyo vita vimekwisha. Wiki iliyopita alikuja na picha ya VisionFive 2, kompyuta ya bodi moja yenye prosesa ya RISC-V, kwenye simu yake, akitaka tuchange tuagize. Nikamwambia asogeze chini kwenye sifa zake, afike kwenye chipu ya michoro. Akasoma kwa sauti: Imagination.

Nilimtolea Yolo kwenye droo nikamwekea mezani. Bado inawaka.