Jeli ya diklofenaki (dawa ya maumivu) ya kupaka: inapenya kweli?

Nimeipaka gotini na kwa kweli inasaidia, ila msitegemee miujiza ya dakika mbili. Ile ngozi ya juu kabisa ni seli zilizokufa zimebanana na mafuta katikati yake, dawa nyingi zinagonga mwamba hapo hapo, ndo maana hii yangu imewekewa spiriti na propilini glaikoli zifungue njia. Raha yake ni kwamba dawa inayofika kwenye damu ni kidogo sana kuliko ya vidonge kwaiyo tumbo limetulia. Kero ni kunata, inabidi usubiri ikauke ndo uvae suruali. Afu jamani msifunge nailoni juu yake eti ipenye zaidi, mtazidisha dozi. Kwenye nyonga sijaona kitu, jointi yenyewe iko ndani mno.